Kusikiliza Kituruki hadi mkia wa neno: mwongozo kamili wa kunoa sikio kwa sauti na video za mtandaoni

Wanaojifunza Kituruki wengi hufika mahali wakasoma ukurasa mzima na kuuelewa, lakini Mturuki akifungua mdomo hawaambulii kitu. Hali hii humpata mwanafunzi aliyeshinda Türkiye Bursları, ufadhili wa masomo wa serikali ya Uturuki, na kuingia mwaka wa maandalizi ya lugha, humpata mfanyabiashara anayefuata mzigo wa nguo Laleli, Istanbul, humpata na aliyezoea tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti ya Kiswahili kisha akaamua kuzitazama kwa lugha yenyewe. Wote hudhani wamepungukiwa msamiati. Mara nyingi msamiati upo. Sikio ndilo linasikiliza mahali pasipo.

Sikio la Mswahili linakwama wapi

Ukimwambia mtu “sitaweza kuja”, ile *si* ya mwanzo imeshammalizia habari: msemaji ni mimi, na jibu ni hapana. Kiswahili huweka mambo mazito kichwani mwa kitenzi. Kituruki huyaweka mkiani, na kitenzi chenyewe kwa kawaida huja mwisho wa sentensi. Maneno hayo hayo kwa Kituruki ni *gelemeyeceğim*: *gel* ni ja, *eme* ni kutoweza, *yeceğ* ni wakati ujao, na *im* ni mimi. Msikilizaji anayeshika silabi ya kwanza na kuanza kuwaza jibu atakuwa ameshika “ja” tupu, na kilichobaki kitampita.

Habari njema ni kwamba neno refu lenye vipande vingi halimtishi Mswahili. Aliyekua na “hatutakupigieni” haogopi *gelemeyeceğim*. Kazi iliyopo ni kuhamisha umakini kutoka kichwa cha neno kwenda mkiani, na mazoezi yote yaliyo hapa chini yanalenga hapo.

Shida ya pili haisemwi sana: mkazo. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo sikio letu likisikia mkazo hungoja silabi moja zaidi kisha likakata neno. Kituruki mara nyingi hukazia silabi ya mwisho kabisa. Mtu akisema *araba geldi*, gari limekuja, mkazo unaangukia *ba*. Sikio letu linangoja silabi moja, linachukua *ge* ya neno linalofuata, na tunabaki na “arabage” na “ldi”, vitu visivyomo katika kamusi yoyote. Hapo ndipo mtu hulalamika kwamba Waturuki wanaongea haraka. Juu ya hayo, maneno mengi ya Kituruki huishia kwa konsonanti, na konsonanti hiyo huhamia kwenye irabu ya neno linalofuata: *akşam oldu*, jioni imefika, hutamkwa “akşa-moldu”. Waturuki huita muungano huo *ulama*.

Yapo yasiyofuata kanuni hiyo ya mkazo, kama *Ankara*, *evet* na *şimdi*, yanayokaziwa mwanzoni. Kubwa kuliko yote ni ukanushi, nao tutaurudia.

Vifaa na bando

Hedifoni za waya za bei ya kawaida zinatosha, mradi usitegemee spika ya simu. Sauti kama *r* ya mwisho wa neno, ambayo Waturuki huitoa kwa pumzi hadi *bir* na *var* zikakaribia kuishia na *sh*, hupotea kabisa kwenye spika ndogo. Pata na daftari la mistari na kalamu. Kuandika kwa mkono kunasaidia kwa sababu kibodi ya simu hukukamilishia maneno, na hapo anayefanya imla ni simu, wewe umekaa pembeni.

Kwa bando, piga hesabu hivi: sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde hula takriban MB 29 kwa saa, na ya kilobiti 128 hula karibu MB 58. Video hula mara nyingi ya hapo. Kwa hiyo podikasti zipakue penye WaiFai, na video itumie kwa vipande vifupi, ikiwa na ubora wa chini. Sauti ya mtu anayeongea haiharibiki sana picha ikiwa hafifu.

Jifunze vitufe kabla ya kuanza. Kwenye YouTube kwa kompyuta, kishale cha kushoto kinarudisha sekunde 5, herufi J inarudisha sekunde 10, K inasimamisha, na C inawasha au kuzima manukuu. Kwenye simu, gonga mara mbili upande wa kushoto wa skrini. Kwa faili ulilolipakua, programu ya bure ya VLC inaweza kurudia kipande kimoja kutoka alama A hadi alama B bila kukoma. Hicho ndicho utakachokitumia kuliko vyote.

Siku kumi za mwanzo: sauti tupu

Kituruki kina irabu nane, Kiswahili tano. *A, e, i, o, u* unazo tayari. Zinazobaki ni *ı*, *ö* na *ü*, na sikio lisilofunzwa huitupa *ö* kwenye *e* au *o*, *ü* kwenye *i* au *u*, na *ı* kwenye *i*. Hasara yake si ndogo: *oldu* ni ilitokea, *öldü* ni alikufa. *On* ni kumi, *ön* ni mbele. *Uç* ni ncha, *üç* ni tatu. *Kır* ni mashambani, *kir* ni uchafu.

Fungua Forvo, tovuti ambamo wenye lugha hurekodi neno mojamoja, utafute jozi hizo. Sikiliza kila jozi mara kumi, kisha mwombe mtu akuchezee bila mpangilio nawe uandike ulichosikia. Ukipata 18 kati ya 20, nenda jozi nyingine. Dakika 10 kwa siku zinatosha, na kufikia siku ya kumi uwe umeshamaliza. Zoezi hili likirefushwa linachosha bila kuongeza kitu.

Halafu tumia msaada ambao lugha yenyewe inakupa. Irabu za viambishi hufuata irabu ya mwisho ya shina, kwa hiyo neno hukwambia mara mbili lina irabu gani. Kama hukuwahi kusikia vizuri ni *kul*, mja, au *kül*, majivu, ngoja wingi wake: *kullar* na *küller*. *Lar* na *ler* ni *a* na *e*, ambazo sikio la Mswahili halizikosi. Ukizoea kusahihisha shina kwa kusikiliza mkia, umeshaanza kusikiliza Kituruki kama wanavyokisikiliza wenyewe.

Kuhusu *ğ*, usiitafute. Baada ya irabu nzito (*a, ı, o, u*) inarefusha tu: *dağ*, mlima, ni “daa”, *doğru*, sahihi, ni “dooru”. Karibu na *e* na *i* hugeuka kama *y*, hivyo *değil*, siyo, utaisikia “diyil”. Anayetoka katika lugha ya nyumbani inayochanganya *r* na *l* aongeze jozi kama *kar*, theluji, na *kal*, baki.

Mahali pa kupata vya kusikiliza

Anza na Yunus Emre Enstitüsü, taasisi ya Uturuki iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 2007 kufundisha lugha na utamaduni wake nje ya nchi. Ina darasa la mtandaoni la bure, Türkçe Öğrenim Portalı, linaloanzia A1, ngazi ya mwanzo (hufuata A2, B1, kisha B2), lenye mazungumzo yaliyorekodiwa kwa utulivu pamoja na maandishi yake. Kwa mtu wa mwanzo kabisa hakuna haja ya kutafuta kingine kwa miezi miwili.

Ukifika A2, ingia kwenye video za mapishi. Tunazisisitiza kwa sababu unaona kitu kinachotajwa kikiwa mikononi mwa mtu, na vitenzi hurudiarudia: *doğruyoruz*, tunakatakata, *kavuruyoruz*, tunakaanga, *ekliyoruz*, tunaongeza, *karıştırıyoruz*, tunakoroga. Video tatu za supu ya dengu zitakurudishia *ekliyoruz* hadi uisikie usingizini. Andika *yemek tarifi* na jina la chakula: *mercimek çorbası*, *pilav*, *menemen*. Vipimo utavisikia vilevile kila mara, *su bardağı* kwa glasi ya maji, *yemek kaşığı* kwa kijiko cha chakula, *çay kaşığı* kwa kijiko cha chai. Baada ya mapishi, chukua utabiri wa hali ya hewa, *hava durumu*, wenye tarakimu na majina ya miji kwa mpangilio usiobadilika sana, na katuni za TRT Çocuk (TRT ni shirika la utangazaji la Uturuki), ambazo waigizaji wake hutamka maneno kamili.

Kwa B1 ipo chaneli ya Easy Turkish, inayohoji watu mitaani na kuweka manukuu ya Kituruki na Kiingereza. Ni nzuri kwa sababu walio humo ni wapita njia, wanaogugumia, wanaokatizana, wanaocheka katikati ya sentensi. Ukitafuta *sokak röportajı*, mahojiano ya mtaani, utapata bahari nzima, ila nyingi ni za siasa na zina kelele. Ziache mpaka B2.

Programu ya TRT Dinle hukusanya redio na podikasti za shirika la utangazaji la Uturuki, na ndani yake utafute *radyo tiyatrosu*, michezo ya redio. Katika mchezo wa redio hakuna picha ya kuegemea, waigizaji hutamka kwa ufasaha, na hadithi inakuvuta usiache. Wengi hawaujui mlango huu, nao ni miongoni mwa bora kwa mtu wa kati.

Habari ziendee kwa njia ambayo Mswahili amerahisishiwa. TRT Afrika inatoa habari kwa Kiswahili. Soma tukio moja la kimataifa hapo kwa Kiswahili, kisha mara moja tafuta taarifa ya tukio hilohilo kwenye TRT Haber. Ukiwa unajua nani kafanya nini, sikio linabaki na kazi moja ya kutambua maneno. Jifunze mapema vitenzi vinavyofunga sentensi za habari: *söyledi*, alisema, *açıkladı*, alitangaza, *belirtti*, alieleza, *bildirdi*, alitoa taarifa. Sentensi ya habari inaweza kuwa na maneno 25 na kitenzi kikuu kimoja mwishoni, na mtu aliyezoea vitenzi hivyo huwa anajua sentensi imefika ukingoni.

Sasa tamthilia, ambazo ndizo zinazopendwa. Kipindi kimoja cha jioni cha Uturuki mara nyingi huzidi saa mbili, na sehemu kubwa ni muziki na watu kutazamana. Ukitazama kipindi kizima umepata maneno machache kwa muda mwingi. Chagua badala yake onyesho moja la dakika 3, la mezani au dukani, ulifanyie kazi. Tamthilia za masultani ziweke kando kwa muda hata kama ndizo zilizokuvutia: zimejaa maneno ya kale na ya heshima za ikulu ambayo hutayasikia kwenye kituo cha basi. Vichekesho na hadithi za familia za leo hufaa zaidi. Na ukiona neno lenye herufi *ə* kwenye kichwa cha video, hicho ni Kiazabajani, lugha jirani inayofanana sana. Usichanganye wakati sikio bado bichi.

Zoezi la msingi: dakika 25, siku tano kwa wiki

Kata kipande cha sekunde 60 hadi 90. Kisiwe kirefu zaidi. Kipande cha dakika kumi hukufanya usikilize juujuu, na kusikiliza juujuu ndiko kulikokufikisha hapa.

Kisikilize mara mbili bila maandishi yoyote. Andika kwa Kiswahili mistari miwili: nani anaongea na nani, kuhusu nini. Ukishindwa hata hilo, kipande ni kigumu mno; shuka ngazi bila aibu.

Kisha imla. Sikiliza sentensi moja, simamisha, andika ulichosikia kwa Kituruki. Jiruhusu marudio manne. Usipolisikia neno, acha nafasi au andika sauti ulivyoisikia, hata “arabage”. Makosa hayo ndiyo dhahabu ya zoezi, usiyarekebishe kwa kubahatisha. Marudio ya tatu unaweza kupunguza kasi hadi 0.75, lakini usishuke hapo: kwa 0.5 sauti huvutika, mkazo hupotea, na unajifunza lugha ambayo hakuna anayeiongea. Sentensi ikikushinda, punguza urefu wa kipande unachorudia badala ya kasi. Marudio ya nne yawe kwa kasi ya kawaida daima.

Fungua maandishi, ulinganishe. Kila kosa liwekee herufi pembeni. S ni sauti hukuitambua, mfano *ü* ukaandika *i*. P ni mpaka wa neno ulioukosea. T ni kiambishi tamati kilichokuponyoka. N ni neno jipya kabisa. Mwisho wa wiki hesabu herufi hizo. Mwanafunzi wa kawaida hutarajia N ziwe nyingi, na hushangaa kukuta T na P zimetawala. Basi wiki inayofuata usiongeze msamiati. Zikiwa T nyingi, imla yako iwe ya mikia peke yake: andika silabi mbili za mwisho za kila kitenzi, mengine yaache yapite. Zikiwa P, piga mstari kwenye maandishi kila konsonanti inapohamia irabu ya neno la pili, halafu usome kwa sauti hivyo hivyo.

Baada ya kusahihisha, sikiliza mara mbili ukifuata maandishi kwa kidole, kisha mara tatu ukiongea pamoja na msemaji, nusu sekunde nyuma yake, kama kivuli. Hapa usijali lafudhi. Jali kuumaliza mkia wa kitenzi bila kuumeza. Ambacho mdomo hauwezi kukitoa kwa kasi hiyo, sikio nalo hukikosa.

Kesho yake, kabla ya kipande kipya, sikiliza cha jana mara moja bila maandishi. Baada ya siku saba, tena. Kikisikika chote kama Kiswahili, kifute kwenye simu.

Mbali na zoezi hili, weka dakika 20 hadi 30 za kusikiliza kwa starehe kitu chepesi kuliko ngazi yako, bila daftari. Redio inayounguruma huku unafua au unaendesha gari haihesabiwi. Inazoesha mdundo kidogo, lakini sikio lisilotegwa halishiki kiambishi.

Sentensi moja kwa karibu

Chukua ujumbe wa sauti ambao muuza nguo wa Laleli angeweza kumtumia mteja wake wa Dar es Salaam au Nairobi:

*Kusura bakma abi, bugün yetişemiyorum, yarına hazır olur.*

Masikioni inafika hivi: “kusura bakma abi, bugün yetişemiyom, yarına hazırolur”. Kwa Kiswahili: samahani kaka, leo siwahi, kesho itakuwa tayari.

*Kusura bakma* ni “usiangalie kasoro”, na *kusur* na kasoro ni ndugu wa mzizi mmoja wa Kiarabu. Sikiliza mkazo wa *bakma*: unaangukia *bak*. Hiyo ndiyo alama ya ukanushi tuliyoahidi kuirudia. Kiambishi cha kukanusha, *ma* au *me*, huutupa mkazo nyuma yake. *Geldi*, alikuja, inakaziwa mwisho. *Gelmedi*, hakuja, inakaziwa *gel*. Kwa hiyo mkazo ukiruka nyuma, tega sikio, kuna “hapana” mahali.

*Yetişemiyorum* ndiyo yenye hatari. *Yetiş* ni kuwahi, *emi* ni kutoweza, *yor* ni wakati uliopo, *um* ni mimi. Kiambishi kilikuwa *eme*, lakini mbele ya *yor* irabu yake ya mwisho husinyaa ikawa *i*, nayo *yorum* imemezwa ikawa *yom*. Angesema *yetişiyorum*, maana ingekuwa “nawahi”. Kati ya nawahi na siwahi pana *emi* tu katikati ya neno, ambapo Kiswahili hakiweki jambo kubwa kama hilo. Mteja aliyeshika *bugün*, leo, na *yetiş*, kuwahi, ataenda kwenye kargo bure.

Na *hazır olur*: *r* ya kwanza inahamia *o*, inakuwa “hazırolur” kwa pumzi moja. *Olur* peke yake kama jibu ni “sawa”, na *olmaz* ni “haiwezekani”. Zifanyie zoezi hizo mbili pamoja na *var*, kuna, na *yok*, hakuna, mpaka zisikushtue.

Kwenye video ongeza macho. Mturuki husema hapana kwa kuinua nyusi au kichwa juu kidogo, na mara nyingi kwa mlio wa ulimi, *cık*. Kwetu mlio unaokaribia huo ni msonyo, tusi zito. Kwake ni “hapana” ya kawaida, haina dharau ndani yake.

Kituruki cha mdomoni

Vitabu hufundisha maumbo kamili, mtaa hutumia yaliyofupishwa. Haya si ya vijana peke yao, utayasikia hata kwa watu wazima waliosoma:

- *yapacağım*, nitafanya, husikika *yapıcam*. *Gideceğim*, nitakwenda, husikika *gidicem*
- *ne yapıyorsun*, unafanya nini, husikika *napıyosun*
- *ne haber*, habari gani, husikika *naber*
- *geliyor*, anakuja, husikika *geliyo*
- *değil mi*, sivyo, husikika *di mi*
- *bir şey*, kitu, husikika *bişey*. *Bir* karibu kila mahali husikika *bi*
- *burada* na *nerede*, hapa na wapi, husikika *burda* na *nerde*

Yatengenezee kadi za sauti kwenye Anki, programu ya kadi za kukariri: mbele weka sauti tu, nyuma weka umbo kamili na maana. Sauti zipate kwenye YouGlish, ambayo ukiandika neno la Kituruki hukuletea video ambamo limetamkwa. Chukua wasemaji watano tofauti kwa kila umbo, wanawake na wanaume. Sikio lililozoea sauti moja hupotea likikutana na ya pili.

Kipo kingine kinachosikika kidogo lakini kina uzito, *miş*. *Geldi* ni alikuja, nimeona. *Gelmiş* ni kumbe amekuja, au eti alikuja, nimeambiwa. Unapoisikia *mış, miş, muş, müş*, iweke “kumbe” au “eti” kichwani papo hapo. Ndimi nyingi hutafuta sentensi nzima kuieleza. Kiswahili kinayo maneno yake tayari.

Manukuu: msaada unaogeuka mkongojo

Manukuu ya Kiswahili au Kiingereza chini ya sauti ya Kituruki hayafundishi kusikia, kwa sababu jicho linashinda mbio na sikio linalala. Tumia ya Kituruki, na baada tu ya imla.

Jua pia yametoka wapi. Yanayotengenezwa na mashine kwenye YouTube mara nyingi huandika umbo kamili *yapacağım* ingawa msemaji kasema *yapıcam*, na hukosea viambishi kelele zikizidi. Ukiona imla yako inatofautiana nayo, sikiliza tena kabla ya kujihukumu. Filamu ya kigeni iliyotiwa sauti ya Kituruki ina tatizo jingine: sauti na manukuu hutafsiriwa kila kimoja kivyake, hivyo havilingani. Chagua kilichotengenezwa Uturuki kwa Kituruki.

Ndugu wa uongo, saa na bei

Maneno ya asili moja yatakubeba sana: *kitap, saat, hesap, dünya, dakika, sabun, kalem, mahkeme*. Ila *misafir* ni mgeni, wala si msafiri. *Ama* ni lakini, wala si au. *Hata* ni kosa. “Hata” yetu ni *hatta*, yenye *t* ndefu. *Merhaba* ni salamu ya kuanzia, haijibu shikamoo.

*Ev*, nyumba, inahitaji zoezi lake. Kwa Kiswahili niko nyumbani, naenda nyumbani, natoka nyumbani, *ni* ile ile inabeba yote. Kituruki kina *evdeyim*, *eve gidiyorum*, *evden çıkıyorum*. Tengeneza orodha ya mahali kumi, uirekodi au umwombe Mturuki akurekodie kwa kuchanganya, kisha ujibu kwa neno moja: niko, naenda, natoka. Ukichukua zaidi ya sekunde moja kujibu, rudia.

Saa ndiyo inayowaumiza wengi, kwa sababu neno lenyewe linafanana. *Saat dokuzda açıyoruz* ni “tunafungua saa tatu”, maana *dokuz* ni tisa na Waturuki huhesabu kuanzia usiku wa manane. Usitafsiri *dokuz* kuwa tisa halafu uhesabu. Funga *saat dokuz* moja kwa moja na saa tatu, kadi kwa kadi, kwa saa zote kumi na mbili. Kisha dakika: *üçü beş geçiyor* ni tisa na dakika tano, *üçe beş var* ni tisa kasoro dakika tano. Irabu moja ya mkia wa *üç*, *ü* au *e*, inakwambia mapema kama dakika zimepita au zimebaki. *Buçuk* ni nusu baada ya tarakimu: *iki buçuk* ni saa nane na nusu, au mbili na nusu ikiwa ni bei au kipimo.

Kwa bei, sikiliza kila siku taarifa ya viwango vya fedha, *döviz kuru*, uandike tarakimu tupu. Mtu wa duka hutamka *iki yüz elli* bila kutaja lira, na *bin beş yüz* kwa 1,500. Ongeza maneno ya biashara yenyewe: *toptan*, jumla, *perakende*, rejareja, *beden*, saizi, *seri*, fungu la saizi zinazouzwa pamoja. Jipime kwa tarakimu 20 zilizosomwa mfululizo kwa kasi ya kawaida, bila kusimamisha. Ukikosa zaidi ya mbili, bei yoyote utakayotajiwa kwa simu iombe kwa maandishi: *yazar mısınız?*